Jora Hatufai

Nyumba yetu ina ngazi nyingi na watu wavivu. Simsingizii mtu. Tunakaa ghorofa ya pili. Mimi ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yangu. Humo kuna cherehani, meza ya kukatia, kochi la wateja, na vitambaa kila mahali. Vitambaa viko juu ya kochi, chini ya meza na nyuma ya mlango. Viko sakafuni kwa sababu sina rafu. Sina rafu kwa sababu mume wangu ni seremala.

Mtu ambaye hajaolewa na seremala hawezi kunielewa. Nyumba za watu zimejaa makabati yake. Kwangu kila siku ni, "Kesho, mama Kiranja, kesho." Kesho hiyo sasa ina miaka minne. Ubao wa rafu aliununua, sikatai. Umeegemea ukuta nyuma ya mlango, unazeeka pamoja nami.

Kiranja ni binti yetu wa pekee, ana miaka kumi. Hilo si jina lake la shuleni. Tulimpa sisi, kwa sababu tangu aanze kusema anapenda kupanga watu mstari. Lakini umwambie afagie, hapo hapo anakumbuka kwamba ana kazi ya hesabu.

Basi hiyo ndiyo familia iliyoletewa mbwa.

Aliyemleta ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Siku hiyo alipanda ngazi huku anahema, mkono mmoja una begi, mwingine una kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na mnyama. Kilianza kuingia kichwa. Ukafuata mwili. Mwili ukaendelea kuingia. Nilishaanza kuchoka kusubiri ndipo ukaja mkia. Miguu ilikuwa mifupi kama ya stuli.

"Wifi," nikamwambia, "huyu ni mbwa mmoja au mmeunganisha wawili?"

"Ni dakshundi," akasema. "Ndiyo aina yake. Wote wako hivi, warefu na wafupi."

"Anawezaje kuwa mrefu na mfupi?"

"Si unamwona?"

Kweli nilimwona.

Wifi akakaa juu ya vitambaa vyangu na kueleza shida yake. Alikuwa amepata kazi mbali. Nyumba aliyopangiwa huko haikuruhusu wanyama.

"Kaeni naye mpaka Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Mkimpenda, ni wenu. Msipompenda, kuna mwenye yadi ya mbao anamtaka. Atamfunga getini awe mlinzi."

"Huyu awe mlinzi?"

"Sauti yake hujaisikia, wifi."

Mume wangu alikuwa ameshapiga magoti, anamkuna mbwa tumbo. Kiranja alikuwa amelala sakafuni pua kwa pua na mbwa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesimama.

"Mbwa mdogo, kazi ndogo," alisema mume wangu.

Naomba ukumbuke maneno hayo. Aliyasema yeye, si mimi.

Wifi alikuwa akimwita Prinsi. Mbwa hakuwa akiitikia. Jioni ile alijinyoosha chini ya meza ya kukatia, sambamba na majora yangu. Jora ni kitambaa kizima kilichoviringishwa, kama kinavyotoka kiwandani.

"Mama, tazama!" Kiranja akacheka. "Yuko kama jora!"

Tangu hapo akawa Jora. Jina hilo pia hakuliitikia.

Sauti yake tuliisikia asubuhi yake. Kazi yangu ni ya watu kuingia na kutoka. Kila aliyegonga mlango, Jora alibweka. Ukimsikia bila kumwona, utadhani ndani kuna dume la mbwa lenye mabega. Mteja mmoja alishuka ngazi zote na suruali yake mkononi, akanipigia simu kutoka chini. Mwingine nilikuwa nampima bega. Mbwa akabweka, nami nikamchoma pini. Nilimwomba radhi. Alikubali, lakini hajarudi.

Halafu kulikuwa na gauni la bibi harusi. Nilikuwa nimelikunja vizuri kwenye kikapu kikubwa, nikalifunika kwa shuka. Nilikwenda jikoni kuchemsha maji. Niliporudi, shuka lilikuwa linapumua.

"Jora!"

Shuka likanyamaza. Nikalifunua. Jora alikuwa amechimba mpaka chini kabisa. Pua yake ilikuwa imetokeza kwenye mkono wa gauni, pale ambapo bibi harusi angetoa vidole vyake.

"Toka humo!"

Akanitazama tu. Mbwa yule ana namna ya kukutazama kama vile wewe ndiye uliyeingia chumbani kwake bila hodi.

Haja ndogo nayo ilikuwa na mahali pake, nyuma ya cherehani. Ukimshusha uani, anasimama. Ananusa upepo. Anatazama ndege. Ukimpandisha, anakwenda moja kwa moja nyuma ya cherehani. Na nani alikuwa akimshusha? Baba alikuwa kazini. Kiranja alikuwa na hesabu. Jibu unalo.

Kushuka mwenyewe alipenda. Alirukaruka ngazi, tumbo likigonga kila ukingo. Kupanda ndiko kulikomchosha. Alikaa chini ya ngazi na kunililia. Basi nilimchukua kwapani, kama ninavyobeba jora la kitambaa. Mkono mmoja katikati, kichwa kinaning'inia mbele, matako yananing'inia nyuma. Mkono wa pili nilishikia ndoo ya maji. Miaka yote nimebeba majora hivyo. Mikono yangu haikujua njia nyingine.

Siku moja nikiwa nimembeba hivyo, nikakutana na Daktari wa Ng'ombe katikati ya ngazi. Watu wa mtaani ndivyo wanavyomwita, ingawa anatibu hata kuku. Ni daktari wa mifugo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bondeni. Alikuwa anakuja kuchukua koti lake jeupe, nililomwongezea mifuko.

"Simama hapo hapo!" alisema.

Nilisimama. Nilidhani nakaribia kukanyaga nyoka.

"Umebeba nini hapo kwapani?"

"Jora."

"Mimi naona mbwa."

"Ndilo jina lake, daktari."

"Kumbe! Mmempa jina la kitambaa, na wewe unambeba kama kitambaa. Mkono wako wa pili uko wapi?"

"Una ndoo."

"Weka ndoo chini. Mkono mmoja upitishe chini ya kifua chake. Wa pili uweke chini ya matako. Sasa mlaze kifuani kwako. Mgongo uwe umenyooka kama rula. Haya, umeona?"

Jora alishusha pumzi ndefu. Tangu aje kwetu sikuwahi kumsikia akipumua hivyo.

Tulipoingia ndani, Daktari hakuulizia hata koti lake. Aliondoa vitambaa kwenye kochi, akakaa.

"Fundi, nikuulize. Kitambaa ulichokikata mshazari, unakitundika kwenye msumari?"

"Hata siku moja! Kitavutika katikati, kipoteze umbo. Nakilaza."

"Basi mgongo wa mbwa huyu ndio kitambaa hicho. Ni mrefu, na miguu iko mbali, miwili huku na miwili kule. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini, kama mito midogo ya kulalia. Kwa mbwa wa aina hii, mito hiyo huchakaa mapema. Mmoja ukitoka mahali pake, unabana mishipa ya fahamu. Mbwa anaweza kupooza miguu ya nyuma."

"Kwa kubebwa tu?"

"Kwa kubebwa vibaya, kwa kuruka kutoka kwenye kochi, kwa kurukaruka ngazi. Na kwa unene. Lete futikamba."

"Unataka nimshonee?"

"Nataka unipimie kiuno chake."

Nilileta futikamba. Nilipima kifua, nikapima kiuno. Namba zilikuwa karibu sawa.

"Mbwa mwenye afya ana kiuno," alisema Daktari. "Ukimtazama kutoka juu, unakiona. Ukimpapasa ubavuni, unahisi mbavu bila kuzitafuta. Haya papasa."

Nilipapasa kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Daktari, huyu hana mbavu."

"Anazo. Zimefunikwa na mikate ya wateja wako."

Hapo sikubisha. Jora alikuwa na kazi ya kukaa mbele ya kila mteja na kutazama kwa huzuni, kama yatima. Kila mteja alimmegea kipande. Jioni Kiranja alimpa maganda ya mkate. Baba alimpa ngozi ya nyama. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Na kelele hizi, daktari? Na kuchimba? Amelichimba gauni la watu."

Daktari akacheka. "Wawindaji wa nchi za mbali ndio waliozalisha mbwa hawa zamani. Waliwatuma kwenye mashimo kuwafuata wanyama wa jamii ya nyegere. Ndiyo maana ana miguu mifupi, aenee shimoni. Ana sauti kubwa, ili mwindaji aliye juu ajue mbwa yuko wapi. Na ana kichwa kigumu. Mbwa msikivu hawezi kumfuata nyegere gizani."

Nilimtazama Jora. Wiki nzima nilikuwa namlaumu kwa kukosa adabu. Kumbe mwenzangu alikuwa kazini, akimtafuta nyegere ndani ya gauni la bibi harusi.

"Sasa niambie, daktari. Anatufaa?"

"Nani anashinda naye mchana?"

"Mimi."

"Vizuri, hapendi kuachwa peke yake. Nani atamshusha uani asubuhi, mchana na jioni?"

Nikaanza kuhesabu ngazi kichwani.

"Nani atamfundisha haja, wiki baada ya wiki, bila kumpiga? Akifanya uani, apewe zawadi hapo hapo. Akikosea ndani, futeni tu na mnyamaze."

Nilitazama picha ya mume wangu ukutani. Yeye pia alinitazama.

"Nani ataokota pini hizi? Akimeza moja, ni upasuaji. Na mjue anaweza kuishi miaka kumi na miwili, hata kumi na mitano. Binti yako atakuwa na nyumba yake."

"Basi nimeelewa," nikasema. "Hatufai."

Daktari akainua kichwa. "Nani? Yeye hawafai nyinyi, au nyinyi hamumfai yeye?"

"Si nimesema, hatufai!"

"Ndiyo nimesikia. Neno hilo moja linabeba yote mawili. Nenda kaamue ulikuwa unasema lipi." Akachukua koti lake, akatia mikono kwenye mifuko mipya, akaridhika nayo. Mlangoni akageuka. "Na msiamue kwa kumtazama macho. Mbwa huyu macho yake ni ya uongo."

Jioni nilikalisha kikao. Nilieleza yote, mgongo, kiuno na nyegere. Nilisema tunahitaji mteremko wa mbao ili ashuke na kupanda kochi bila kuruka. Tunahitaji geti dogo juu ya ngazi. Vitambaa na pini vitoke sakafuni. Mkate uishe.

"Mteremko?" alisema mume wangu. "Kazi ya jioni moja."

"Na geti?"

"Jioni moja."

"Na rafu?"

"Na rafu pia, mama Kiranja. Kesho."

Kiranja alisimama kabisa, kama anakula kiapo. Atamshusha Jora kila asubuhi. Ataokota pini. Atafuta mikojo. Nilimwambia akae, nimeshasikia.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Jumatano mume wangu alipima kochi kwa kijiti, akasema, "Sawa," akaenda kuoga.

Alhamisi mchana mtu aligonga mlango. Jora alikuwa amelala juu ya kochi. Aliruka chini huku anabweka, lakini mbweko haukuisha. Uligeuka kilio. Alisimama amejikunja mgongo kama upinde. Alipojaribu kutembea, miguu ya nyuma iliyumba, mmoja huku, mwingine kule.

Siku hiyo shule ilifungwa mapema na baba alikuja kula, kwa hiyo wote tulikuwapo. Kiranja alianza kulia kwa sauti. Mume wangu alikimbilia kabati la dawa.

"Mpe nusu ya kidonge changu cha maumivu," alisema. "Nusu tu."

"Usimpe chochote!" nikasema. "Nampigia daktari."

Daktari alisikika hata bila kuweka simu sikioni. "Msimpe kidonge cha binadamu! Kinaweza kumuua! Msimwache atembee. Mlazeni kwenye ubao mje sasa hivi!"

"Ubao gani?" mume wangu akauliza, anazunguka. Seremala mzima, ndani ya nyumba yake, anauliza ubao gani.

Nilimwonyesha nyuma ya mlango. Ubao wa rafu yangu. Baada ya miaka minne ukapata kazi. Tulimtelezesha Jora juu yake, mkono mmoja kifuani na mwingine matakoni. Tukamfunga taratibu kwa vipande vya kitambaa, tukashuka ngazi zile zote hatua kwa hatua. Mume wangu mbele, mimi nyuma, Kiranja akifungua milango. Siku hiyo hakumpanga mtu mstari.

Daktari alimpapasa, akambana vidole vya miguu ya nyuma. Jora akaivuta.

"Mna bahati," alisema. "Miguu bado inahisi. Nitampa dawa zake. Halafu atulie kwenye kizimba wiki kadhaa. Atoke kwa kubebwa tu, kwa ajili ya haja. Hata akionekana amepona, atulie. Na mkiona tena amejikunja mgongo, anakataa kupanda, analia akishikwa au anaburuta miguu, mje siku hiyo hiyo. Msiseme kesho."

Alipotaja kesho, nilimtazama mume wangu. Akatazama sakafu.

Jioni ile msumeno ulilia mpaka majirani wakauliza kama tunajenga nyumba nyingine humo ndani. Kufikia Ijumaa asubuhi kulikuwa na kizimba chenye godoro dogo. Kulikuwa na mteremko wa kochi, umepigwa msasa, una zulia juu ili asiteleze. Kulikuwa na geti juu ya ngazi, lenye kitasa.

Nilisimama katikati ya kazi ile yote, mikono kiunoni.

"Mbwa wa juzi amepata kizimba, mteremko na geti," nikasema. "Mke wa miaka kumi na miwili hana rafu."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka, na hofu ya jana ilikuwa bado kifuani. Nilisema lile lililokuwa moyoni.

"Kesho wifi akija, amchukue. Ninyi mnampenda jioni. Mimi ndiye ninayeshinda naye mchana kutwa. Mimi ndiye nitakayemsikia akilia siku miguu ikikataa. Siwezi peke yangu."

Kiranja alikwenda chumbani. Nilidhani amekwenda kununa. Alirudi na sumaku yake ya shuleni, ameifunga kwenye kijiti. Akaanza kuipitisha sakafuni, chini ya meza, chini ya kochi, nyuma ya mlango. Pini zikarukia sumaku moja moja. Nyingine nilikuwa nimezisahau tangu yeye akiwa mdogo. Alipomaliza, akafuta nyuma ya cherehani. Hesabu hakuitaja.

Sikubadilisha neno langu. Niliona tu.

Jumamosi wifi alifika, amevaa viatu vya safari.

"Mwenye yadi yuko chini na gari," alisema. "Anasema kamba atampa ndefu. Pole sana, wifi, kwa usumbufu. Kumbe hakuwafaa."

"Hatufai," nikasema, macho kwenye cherehani. Nilikuwa nashona upindo. Ulikuwa unapinda.

Wifi akafungua kizimba. Akamshika Jora chini ya makwapa ya mbele, akamnyanyua juu. Mwili ule mrefu wote ukaning'inia hewani.

"MKONO WA PILI!"

Sikujua kama sauti ile ni yangu. Mkasi ulianguka. Wifi akaganda. Sijui niliipitaje meza ya kukatia, lakini nilikuwa nimeshafika.

"Chini ya matako, wifi! Mkono wa pili! Mgongo uwe kama rula! Unataka kumvunja katikati?"

Nilimpokea mimi mwenyewe, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya matako. Nikamlaza kifuani kwangu. Jora akashusha pumzi yake ile ndefu. Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko wake.

Mume wangu na Kiranja walikuwa wamesimama mlangoni. Hakuna aliyethubutu kutabasamu.

"Kwani wifi," alisema wifi yangu polepole, "si umesema sasa hivi kwamba hatufai?"

"Nimesema."

"Sasa?"

"Nilikuwa nasema sisi! Sisi ndio hatufai! Lakini mkono wa pili tunaujua. Huyo mwenye yadi anaujua?"

"Sidhani."

"Basi mwambie aondoe gari lake."

Kiranja alipiga ukelele. Jora akabweka. Nikamwambia kila mmoja anyamaze, maana upindo wangu ulikuwa umeharibika na mteja alikuwa njiani. Kisha nikamgeukia mume wangu.

"Na wewe. Ubao wangu urudi ukutani leo. Si kesho."

Alichukua nyundo.

Jora alikaa kizimbani mpaka Daktari aliposema basi. Sasa anatembea sawasawa. Akitaka kochi, anapanda mteremko wake kwa maringo, kama mgeni wa heshima. Ngazi hagusi. Asubuhi baba anambeba kwenda uani, jioni pia. Mchana ni zamu yangu. Kiranja anatembea naye kidogo barabarani. Hatumvuti shingo. Nilimshonea mkanda wa kifua, na nimeweka bitana ndani usimchubue. Mlangoni kuna karatasi ambayo Kiranja ameandika kwa herufi kubwa: USIMPE MKATE HATA AKIKUTAZAMA.

Kila Jumapili napima kiuno chake kwa futikamba. Wiki za kwanza hakikuonekana. Kisha siku moja nilimtazama kutoka juu, na kiuno kilikuwapo. Nimewashonea watu nguo nyingi za kubana kiuno, lakini sijawahi kukifurahia kimoja kiasi kile.

Bado anabweka. Wateja wangu wamezoea kumngoja amalize. Bado siku za mvua anakumbuka nyuma ya cherehani. Hatumpigi, tunafuta na tunaguna. Mimi ndiye ninayeguna zaidi.

Na rafu ninayo. Ni ndefu, ina tabaka nne, na majora yote yamepanda juu. Mume wangu huwaambia wageni kwamba aliitengeneza kwa ajili ya afya ya mbwa. Ameitengeneza kwa ajili ya nani, mimi sijali tena. Rafu ninayo.

Juzi alikuja mteja mpya, kijana aliyeoa karibuni. Nilikuwa nampima mkono wa shati. Jora alishuka mteremko wake, akakaa mbele yake, akamtazama kwa macho yale ya yatima.

"Fundi, nimempenda huyu!" kijana akasema. "Nataka nimnunulie mke wangu kama huyu. Naona ni mdogo tu, hana kazi."

Nilichomeka pini zangu kwenye kimto chao, moja baada ya nyingine. Nikaweka futikamba shingoni.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Kwenu mnakaa chini au juu?"

"Juu. Ghorofa ya tatu."

"Mchana nani yuko nyumbani?"

"Hakuna mtu. Wote tunafanya kazi."

Nilimtazama. Akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Bado huondoki," nikasema. Nikainama, nikamchukua Jora, nikamsogelea kijana. "Nyoosha mikono. Yote miwili."